Kidonge Kwenye Panja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua haijaanza na mimi nimeshaanza kuiogopa. Kila mwaka ni hivi hivi. Mdogo wangu ni fundi wa mapaa, na mvua ya kwanza ikishuka tu, mabati ya mji mzima hukumbuka matundu yao kwa siku moja. Simu yake haitulii. Yeye anapanda, mimi nashinda kazini roho mkononi.

Sumaku, anayeendesha mashine pale kazini, amenishauri niziandike hofu zangu mahali ili nisimchoshe. "Andika, halafu funga daftari," alisema. "Mimi nina mashine ya kuendesha." Haya, nimeandika. Nafunga.

Alhamisi, 6 Machi

Nieleze kazi yangu, maana hata Mama huwaambia majirani kwamba niko "hospitali, kwenye kompyuta". Siko hospitali. Niko kwenye maabara ambako watu wazima wasio na ugonjwa wanakuja kwa hiari yao, wanalala ndani ya mashine kubwa ya sumaku, na mashine inatoa picha ya ubongo, kipande baada ya kipande, bila kumgusa mtu kwa kisu. Mimi nakaa mbele ya skrini nafuatisha mikunjo kwa kalamu: bonde hili linaanzia wapi, linapinda wapi, linaishia wapi. Tunataka kujua binadamu wanatofautiana kiasi gani humo ndani. Mpaka sasa jibu ni kwamba wanatofautiana kuliko sura zao. Sijaona wawili waliolingana, na mapacha nimeshawachora.

Ukutani kuna picha ya ubongo iliyotengenezwa kwa kupandanisha picha za watu wote waliopita kwetu. Ni laini, haina kona, kama sabuni iliyotumika sana. Mkuu wetu huwaonyesha wageni na kusema, "Huyu ndiye mtu wa wastani. Bado hajazaliwa."

Mkuu tunamwita Mama Mafuvu, naye analijua jina hilo na halimkeri. Yeye ni mtaalamu wa mifupa. Kabati lake limejaa plasta zilizomiminwa ndani ya mafuvu ya kale zikaganda kwa umbo la humo, kwa sababu ubongo ukishaoza, mfupa hubaki na alama zake kwa ndani. Ni mama mkali. Mtu akisema mbele yake kwamba ubongo huu ni mzuri kuliko ule, humtoa nje. Anasema waliomtangulia katika kazi hii walipima vichwa vya watu ili wapate nani wa juu na nani wa chini, na wakapata walichokuja nacho mfukoni. "Sisi tunapima tofauti," husema. "Thamani haina rula."

Jumatatu, 10 Machi

Maabara yetu ina desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Kila mfanyakazi lazima alete mtu mmoja wa nyumbani kwake alale kwenye mashine. Mama Mafuvu anasema hatuna haki ya kumwomba mgeni kitu ambacho hatujathubutu kumwomba ndugu. Sumaku alimleta mkewe. Mimi nimekwepa mwaka mzima. Mama hawezi, anaogopa hata lifti. Amebaki Paka.

Paka ndiye mdogo wangu. Jina alilipata akiwa mtoto, kwa kupatikana kila mara juu ya kitu.

Nilipomwambia, aliuliza swali moja tu: "Chai ipo?"

Jumatano, 12 Machi

Paka amekuja leo, na buti zake za kazi, akawachekesha wote.

Sumaku alimuuliza maswali ya usalama. Una chuma mwilini? Umewahi kuingiwa na vumbi la chuma jichoni? Paka alivua hereni yake. Huvaa moja tu, kwa sababu ndewe ya sikio la pili ilichanika utotoni, hereni iliponasa kwenye uzio wa waya.

Kisha fomu ya ridhaa. Mwisho kuna swali: tukiona kwenye picha jambo ambalo hatukulitarajia, ungependa kuambiwa? Paka aliweka alama kwenye "Hapana", haraka, kama mtu anayekataa sukari.

"Hebu soma vizuri," nilimwambia.

"Nimesoma."

"Paka."

"Dada, Baba aliambiwa mchana, jioni akawa mgonjwa. Mimi sitaki."

Sikubishana mbele ya watu. Baba alikuwa na uvimbe kichwani. Wiki ile kabla ya kuambiwa alikuwa akipaka rangi mlango wa mbele. Alipoambiwa, alikaa kwenye kiti cha dirishani na hakuinuka tena kufanya chochote, na mlango mpaka leo una rangi nusu. Paka anaamini kuambiwa ndiko kulikomuua. Mimi naamini aliambiwa kwa kuchelewa. Hatujawahi kukubaliana, na Mama akitusikia tumeanza huwasha redio.

Mashine yetu ni ya zamani na ina tabia mbaya: picha nyingine huzihifadhi zimegeuzwa, kama mtu kwenye kioo. Kwa hiyo kila anayeingia hubandikwa kidonge cha mafuta ya samaki kwenye panja la kulia, kati ya jicho na sikio. Kwenye picha mafuta yale hutokea kama nukta nyeupe, nasi tunajua kulia ni wapi. Kubandika ni kazi ya Sumaku. Lakini Paka alisema, "Mimi nibandikwe na dada yangu," akaketi mbele yangu na kunitolea uso kama zamani nilipokuwa nikimfuta kamasi. Nilinyoosha mkono, nikabandika.

"Kulia?" Sumaku aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Kulia," nilijibu.

Alipolazwa alilalamika kwamba kile kizimba cha kichwa kinambana. "Kama kofia za shule," alisema. Sumaku akatoa sponji moja, akaweka nyembamba. Alilala usingizi humo ndani. Kelele zote zile, naye anakoroma.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza. Simu ya Paka nayo.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Amepanda nyumba ya mwalimu na ghala la mbao. Amerudi mzima.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Picha hutufikia bila majina na nyuso zimefutwa, ili mchoraji asijue anamchora nani. Leo asubuhi nilifungua moja ya zile mpya. Nilikuwa nakula mkate. Nikapitisha vipande kama kawaida, kutoka utosini kushuka, na nilipofika usawa wa masikio nikaona shimo. Doa jeusi, la mviringo, kubwa kama limau, mahali ambapo ubongo ulipaswa kuwa. Lilikuwa upande wenye kidonge. Upande wa kulia.

Nimeona mabonde ya ajabu, nimeona mikunjo miwili pale wengine wana mmoja. Shimo kama lile sijaliona. Nilisema moyoni, maskini, mwana wa watu huyu. Nikaendelea kushuka.

Tunafuta nyuso, lakini masikio hubaki. Chini ya shimo lile kulikuwa na sikio, na ndewe yake ilikuwa imechanika katikati.

Mkate ulinikwama. Sumaku aliniletea maji akasema nitafune kama binadamu. Nilimwambia nimepaliwa. Nilimaliza kuyanywa maji yote ili nisiseme kitu kingine.

Kanuni ni kwamba picha yoyote yenye jambo lisilotarajiwa naiweka kwenye foleni ya Daktari wa Picha, anayekuja kutoka ng'ambo ya mto kila baada ya wiki mbili. Nimeiweka. Na mchoraji akimtambua mtu, anapaswa kusema ili picha apewe mwenzake. Hilo sijafanya. Nikisema namjua, watanitoa chumbani Daktari atakapoisoma, nami nitabaki nje ya mlango kama tulivyobaki siku ile ya Baba.

Jioni Paka alikuja kula. Alikuwa na matope mpaka magotini na alikuwa akiimba. Sikuweza kumtazama usoni. Nilimtazama kichwa.

Jumapili, 23 Machi

Ubongo wa kulia ndio unaoendesha mkono wa kushoto. Hilo najua, kila mtu pale kazini analijua. Leo Paka alimpokea Mama kikombe kwa mkono wa kushoto, na chai ikamwagika.

"Umeungua?" Mama aliuliza.

"Kimejaa mno," Paka alisema, akafuta meza.

Hakikuwa kimejaa mno. Mimi ndiye niliyemimina.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ameangusha funguo. Mkono wa kushoto.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwomba anishikie kitambaa nikipima pazia. Uongo, pazia silihitaji. Nilitaka nione vidole. Kidole kidogo cha kushoto kinatetemeka. Nimekiona kwa macho yangu.

"Dada, mbona unaniangalia mikono kama polisi?"

"Una kucha chafu."

"Mimi fundi. Nikiwa na kucha safi usinipe kazi."

Alicheka. Baba naye alianza na kuangusha vitu. Uma, kisha brashi ya rangi, na sisi tukamtania kwamba anazeeka vibaya.

Jumatano, 2 Aprili

Daktari wa Picha hakuja. Mto umejaa na daraja limefungwa. Mama Mafuvu amesema asubiriwe, hakuna haraka. Nilienda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kuchora ubongo wa mtu mwingine, mzima, uliojaa kila mahali.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nimempigia Paka simu mara nyingi mpaka akaizima. Kisha nikaogopa kwa sababu imezimwa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemuuliza Mama Mafuvu, kama kwa kupita tu, inawezekana mtu akawa na nafasi tupu kichwani na akaishi.

Alinitazama juu ya miwani. Akaenda kwenye kabati, akatoa plasta moja na kuniwekea kiganjani. Ilikuwa ya fuvu la mtu wa zamani sana, mtu mzima. Upande mmoja ilikuwa na nundu.

"Gusa," alisema. "Huyu mfupa wake ulichimbika kwa ndani. Kulikuwa na kitu kimekaa hapo, labda maji, tangu utoto. Na meno yake yameliwa hadi kwenye ufizi. Unajua maana yake?"

"Alizeeka."

"Alizeeka. Alitafuna miaka mingi. Tungekuwa na ubongo wake kwenye picha leo tungemwita mgonjwa, na yeye alikuwa anatafuta kuni." Akairudisha plasta kabatini. "Kuna la kuniambia?"

"Hapana, Mama."

Ningeweza kumwambia. Nimejilaumu njia nzima. Halafu nimejiuliza: yule mtu wa plasta, vidole vyake vilitetemeka?

Jumatano, 16 Aprili

Daraja limefunguliwa. Daktari amekuja.

Niandike yote, kwa sababu kesho nitaanza kudai kwamba nimesahau.

Tulikaa watatu: Daktari, Mama Mafuvu na mimi niliyepaswa kuonyesha kilichonishangaza. Daktari ni mtu mpole, mwenye kikohozi, huongea na skrini kuliko na watu. Nilionyesha shimo kwa kalamu.

"Mfuko wa maji," alisema. "Upo kati ya tando zinazofunika ubongo. Panja la kulia. Haujaula ubongo, umeusogeza tu. Tazama, mikunjo yote ipo, imejibana pembeni."

"Ni mpya?" niliuliza.

Mama Mafuvu ndiye aliyejibu. Alisogea akaweka kidole kwenye mfupa. "Hapa fuvu ni jembamba na limetuna kwa nje. Mfupa wa mtu mzima hautuni kwa mwezi mmoja. Huyu amekua nao. Pengine amezaliwa nao."

"Nakubaliana," alisema Daktari. "Wengi wanazeeka nao bila kujua. Hapasuliwi mtu kwa hili kama hana dalili." Alikohoa. "Kama angetaka kuambiwa, ningemwambia jambo moja tu. Akilinde kichwa. Mishipa ya hapo imevutika. Pigo ambalo kwako lingekuwa nundu, kwake linaweza kuvujisha damu ndani."

"Ameweka alama ya hapana," alisema Mama Mafuvu.

"Basi si dharura. Tuiheshimu alama yake."

Nikasikia sauti yangu. "Na kama mtu huyo anafanya kazi juu?"

Wote wawili waligeuka.

"Juu wapi?" aliuliza Mama Mafuvu.

"Nauliza tu. Watu wanafanya kazi za kila aina."

Daktari aliandika "upande wa kulia, tuli, wa zamani" na kufungua picha iliyofuata. Mama Mafuvu hakuangalia picha iliyofuata. Aliniangalia mimi.

Nilipaswa kufurahi. Mtu mwingine angerudi nyumbani akiruka. Lakini wao hawajaona kikombe, hawajaona funguo, hawajaona kidole kile. Daktari alisema hapasuliwi mtu kama hana dalili. Dalili ninazo mimi, nimezikusanya, na siwezi kuzitaja bila kusema nimezikusanya kwa nani. Na nikimwambia Paka aende hospitali, nimeivunja alama yake. Atakaa dirishani. Namwona kabisa amekaa kwenye kile kiti.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kubwa, na upepo. Nimewaza kofia.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimenunua helmeti ya mafundi, ya njano, yenye mkanda wa kidevuni. Paka havai kofia. Hajawahi. Shuleni aliadhibiwa kila wiki kwa kutupa kofia, na kazini anasema kofia ni za watu wanaoanguka. Kwa hiyo nimekata sponji ya ndani upande wa kulia, kidogo kidogo kwa wembe, pale mfupa wake ulipotuna kwenye picha, ili ikae vizuri asipate kisingizio. Nimeijaribu kichwani kwangu. Kwangu inayumba, ndiyo dalili nzuri.

Jumapili, 20 Aprili



Nilimpa helmeti baada ya chakula. Nilisema kazini walikuwa wanagawa. Mama alisema hatimaye mtoto ana akili. Paka aliivaa kwa heshima ya Mama, akazunguka nayo sebuleni akitembea kama askari, kisha akaivua na kujisugua.

"Inabana," alisema.

"Haiwezi kubana. Nimeipanua."

"Huku inayumba." Aligusa kulia. "Huku inabana, kama kofia zote." Akagusa kushoto, juu ya sikio.

"Ni kweli," Mama alisema kutoka jikoni. "Za shule nilikuwa nazifumua mshono wa kushoto. Kichwa chake kilitoka hivyo, mkunga alisema kitanyooka."

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Nikaona sikio lake, lile lenye ndewe iliyochanika. Lilikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Nikazunguka nikasimama nyuma yake, kama mtu anayetaka kumsuka nywele, tukawa tunatazama upande mmoja. Sasa sikio lile lilikuwa kushoto.

Ndewe iliyochanika ni ya kushoto. Imekuwa ya kushoto tangu ana miaka sita. Nimemfunga kitambaa mwenyewe siku ile. Na kwenye picha, ndewe, shimo na kidonge viko upande mmoja.

Nilikumbuka alivyoketi mbele yangu na kunitolea uso. Nilinyoosha mkono wangu wa kulia, nikabandika pale mkono ulipofika. Kulia kwangu. Kila mtu anayefundishwa kazi ile huambiwa siku ya kwanza: simama nyuma ya mtu. Nami nilimbandika kama mtu anayemfuta mdogo wake kamasi.

"Dada? Umepauka."

"Joto," nilisema. Nje ilikuwa inanyesha mvua ya mawe.

Nimejifungia chumbani. Shimo liko kushoto. Ubongo wa kushoto unaendesha mkono wa kulia. Mkono wa kulia wa Paka ndio wa nyundo, na katika siku hizi zote sijauona ukikosea hata msumari, kwa sababu sijawahi kuutazama. Kikombe, funguo, kidole kidogo: vyote vilikuwa mkono usiohusika. Hakuna dalili hata moja. Kulikuwa na chai iliyojaa, funguo zilizolowa, na mimi.

Nimecheka peke yangu mpaka nikaogopa Mama asisikie. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kule maabara kuna karatasi yenye sahihi ya Daktari inayosema "upande wa kulia". Siku Paka akianguka, siku kukiwa na haraka na mtu akaitafuta karatasi ile, watamfungua kichwa upande usio na kitu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilimsubiri Mama Mafuvu mlangoni kwake kabla hajavua koti la mvua.

Nilimwambia yote: sikio, mkate, kidonge, uongo wangu mbele ya Daktari. Alinisikiliza akiwa amesimama, maji yakimdondoka sakafuni. Aliuliza, "Umewabandika wangapi?" Nilisema yeye tu, wengine wote ni Sumaku. Akavuta pumzi.

Picha imegeuzwa, Daktari amepigiwa simu na karatasi imeandikwa upya mbele yangu. "Upande wa kushoto." Nimeisoma mara nyingi, kwa sauti, mpaka Mama Mafuvu akaninyang'anya. Picha ya Paka haitakuwa mikononi mwangu tena, na mpaka mvua ziishe sitamgusa mtu yeyote anayejitolea. Nimesema asante. Nilidhani atanifukuza.

"Nimwambie?" niliuliza nikiwa naondoka.

"Alama yake inasemaje?"

"Hapana."

"Basi."

"Anapanda mapaa, Mama. Na mvua hii."

Alivua miwani akaifuta, na macho yake bila miwani yalikuwa madogo na yamechoka. "Mimi siwezi kumwambia na wewe huwezi kumwambia," alisema. "Lakini sijaona kanuni inayomkataza mtu kumshonea ndugu yake kofia."

Jumanne, 22 Aprili

Nimebandika sponji mpya kulia. Nimekata kushoto. Taratibu. Nimetumia picha iliyo kichwani mwangu: wapi mfupa unaanza kutuna, wapi unarudi. Ni mkunjo wangu bora kuliko yote niliyochora mwaka huu, na hautaingia kwenye hesabu ya mtu.

Ijumaa, 25 Aprili

Dhoruba imeng'oa paa la shule ya msingi, upande mzima wa darasa la kwanza. Mama ndiye aliyenipigia: Paka ameitwa, ameondoka bila kunywa chai, helmeti iko juu ya kabati.

Niliondoka kazini bila kuaga. Nilipitia nyumbani, nikaichukua, nikakimbia. Sijakimbia tangu niwe mtu mzima. Barabara ilikuwa maji matupu na kiatu kimoja kilibaki mtaroni, nikakiacha. Nilichokuwa nikiona mbele yangu ni ngazi ikiteleza. Niliiona ikiteleza kila kona. Nilijisemea kwamba nikifika nikakuta watu wamekusanyika, nitageuka nirudi, sitaki kujua. Na papo hapo nikamwelewa Paka kwa mara ya kwanza. Hivi ndivyo anavyohisi. Si ukaidi.

Watu walikuwa wamekusanyika kweli. Walikuwa wanasaidia kubeba madawati. Paka alikuwa chini bado, anafunga kamba kwenye ngazi.

"Vaa," nilimwambia. Sikuwa na pumzi ya neno la pili.

"Dada, kiatu chako?"

"Vaa."

"Nimekwambia inabana."

"Vaa, Paka."

Alinitazama, matope, mguu mtupu, helmeti ya njano. Akaivaa, nadhani kwa huruma. Akasubiri ibane. Niliona uso wake ukisubiri. Akatikisa kichwa kulia na kushoto, akainama, akainuka. Haikusogea.

Aliivua. Akaingiza kidole gumba ndani, kushoto, akakipitisha pale nilipokata, polepole, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akajigusa kichwa mahali palepale, juu ya sikio, akafuata kwa kidole umbo lile lile. Mvua ilikuwa inampiga usoni naye hakupepesa.

Nilijua amejua. Nilitaka kusema ni la zamani, halina neno, kuna mtu wa kale alizeeka nalo mpaka meno yakaisha. Nilifungua mdomo.

"Usiniambie," alisema.

"Sijasema kitu."

"Najua. Usiseme." Akaigeuza helmeti mkononi. "Mama anajua?"

"Hapana."

"Basi tuko wawili."

Aliivaa tena. Akafunga mkanda wa kidevuni mwenyewe, akauvuta kuona kama umekaza, kisha akauvuta tena.

"Shika ngazi," alisema.

Niliishika. Alipanda, buti baada ya buti, mkono wa kushoto ukiwa na misumari na wa kulia ukiwa na nyundo, na mimi nikaitazama mikono yote miwili mpaka ikanipita juu ya macho.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua. Paka amemaliza paa la shule. Leo amekuja kula na helmeti kichwani, hakuivua hata mezani, na Mama amemwambia ameshindikana. Baada ya chakula ametafuta mkebe wa rangi, ameufungua kwa bisibisi, na ameanza kumalizia mlango wa mbele.